Mafundi wa Zahanati ya Mizingani

Kijana aliyezaliwa Unguja baada ya mwaka 2000, akilipita jengo la Zahanati pale Mizingani na kuziona roshani zake za mbao zilizochongwa na vioo vyake vya rangi, hudhani lilikuwa hivyo tangu enzi za masultani. Sisi tuliokulia Kiponda na Malindi tulilijua kwa sura nyingine. Mtini ulikuwa umeota ukutani ghorofa ya pili, mizizi yake imepenya baina ya mawe. Mabati ya paa yalikuwa yameng'oka, na kila masika maji yalishuka ndani ya nyumba ghorofa kwa ghorofa mpaka yakatuama uani. Wazazi walitukataza kupita chini ya roshani kwa sababu vipande vya mbao vilikuwa vikidondoka bila taarifa. Tukilazimika kupita, tulipita mbio.

Mwezi wa Februari 2025 ilipokuja habari kutoka Lisbon kwamba Aga Khan wa nne, imamu wa Waismailia, amefariki, ubishi ulizuka kwenye baraza letu na kahawa ikapoa vikombeni. Mmoja alisema huyu ndiye aliyeuokoa Mji Mkongwe. Mwingine akasema huyu ndiye aliyewafungulia mlango wenye mahoteli, na leo mwenyeji hana pa kulala ndani ya mji wa babu yake. Wote wawili walikuwa bado hawajazaliwa kazi yake ya Zahanati ilipoanza. Mimi nilikuwepo, tena nikiwa na karai kichwani, kwa hiyo nilinyamaza kwa muda nikiwasikiliza. Kila mmoja alikuwa na nusu yake ya ukweli, na nusu hizo mbili hazitoki kwa mtu mmoja. Ndiyo maana nimeona niandike.

Kwanza mtu aelewe mji ulikuwaje. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi, Waarabu na Wahindi, waliondoka, na nyumba zao nyingi zikawa mali ya Serikali. Watu wakaingia kutoka mashamba, kutoka Ng'ambo, kutoka Pemba. Jumba lililojengwa kwa ajili ya tajiri mmoja na jamaa zake likagawanywa kwa mbao na mapazia, likabeba familia sita au saba, kila moja na jiko lake na ndoo zake. Sisi wenyewe tulikaa hivyo, na sioni aibu kusema tulikaa kwa furaha. Kodi ilikuwa ndogo mno. Lakini aliyeipokea hakuwa na fundi wala chokaa, na aliyeilipa alijiona mpangaji, si mwenye nyumba wa kupanda darini kuziba tundu. Maji ya mvua yakaachiwa kazi. Mwaka 1985 Serikali iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na watumishi wake walikuwa watu wenye nia, ila mji una majengo kama 1,700 na mfuko wao ulikuwa mwembamba. Kila baada ya masika kubwa tulisikia ukuta umelala mahali fulani. Watu walikwenda kutazama, wakasema inna lillahi, wakarudi.

Hapo ndipo, mwaka 1990, ikaja habari kwamba Zahanati imekodishwa kwa taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, taasisi iliyoanzishwa Geneva miaka miwili tu kabla. Barazani uvumi ulienea siku hiyohiyo: Wahindi wanarudi kuchukua nyumba zao. Uvumi ulikuwa na mahali pa kushikia. Aliyelianzisha jengo lile alikuwa Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia kutoka Kutch aliyewahi kushika forodha ya Sultani. Mwaka 1887 aliweka jiwe la msingi kwa ajili ya jubilei ya Malkia Victoria, akitaka iwe hospitali ya maskini. Alifariki 1891 bila kuliona limekamilika, likamalizika 1894, na hospitali yenyewe haikufunguliwa. Mwaka 1900 lilinunuliwa kwa fedha za wakfu wa mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nurmohamed, na hapo ndipo likawa zahanati ya hisani ya Ithnaasheri, ambao si Waismailia, dawa chini, daktari juu. Kwa hiyo anayesema Waismailia walirudi kuchukua chao hajui hata hati ya nyumba inavyosoma. Na lilipokodishwa lilikuwa gofu. Hapakuwa na familia ya kubeba godoro. Jambo hili lishikwe, nitalirudia.

Niliajiriwa kama kibarua. Nilikuwa nimemaliza skuli, bandarini hakuna kazi, na mjomba wangu alinipeleka kwa fundi mkuu wa waashi, mzee wa Kipemba aliyekuwa mwashi mtoto wa mwashi. Mzee huyu hakunipa mwiko. Alinipeleka mimi na wenzangu kwenye ukuta uliopasuka, akatuambia tutie mkono ndani ya ufa. Tukatia. Mkono ulitoka na udongo laini, mkavu, unaomwagika wenyewe.

"Mmeona? Jiwe halijafa," alisema. "Kilichokufa ni udongo. Maji yameukosha."

Hilo ndilo somo lililonilisha mimi na watoto wangu mpaka leo. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala dirishani. Sakafu za ghorofa zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haizidi sana urefu wa mita tatu. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana haukuamuliwa na tajiri wala mchora ramani, uliamuliwa na mti wa mkoko. Paa likivuja, maji huingia juu ya ukuta, hushuka ndani, huosha udongo, hufika kwenye ncha za boriti pale zilipochomekwa ukutani, na ncha huoza kabla ya mahali pengine popote. Mtu chumbani huona boriti nzima, nyeusi, ngumu, huku kichwa chake kimeshakuwa unga ndani ya ukuta. Siku boriti inapochomoka, ukuta hauna tena kinachoushika, hutoa tumbo kuelekea uchochoroni. Nyumba zilizoanguka utotoni mwangu zilianguka hivyo. Hazikuanguka kwa uzee.

Basi kazi yetu ya mwanzo, ambayo mpita njia hakuiona hata chembe, ilikuwa kuziba juu na kukausha. Kuondoa mti ukutani peke yake ni kazi ya kuogopa, kwa kuwa mizizi ndiyo iliyobaki ikiyashika mawe. Ukiung'oa kwa pupa umeng'oa ukuta. Tuliukata kidogo kidogo, tukijenga nyuma yake. Sehemu nyingine tuliegemeza kwa magogo, tukatoa mawe moja baada ya jingine, tukayapanga chini kwa mpangilio uleule, tukayarudisha kwa chokaa mpya. Wenzetu wa mitaani walitucheka. Walisema tunalipwa kwa kutoa jiwe na kulirudisha.

Chokaa ndiyo habari yenyewe. Wakati ule saruji ilikuwa ndiyo ustaarabu. Mwenye saruji alijiona yuko mbele. Mzee wetu hakuitaka karibu na ukuta wa zamani. "Ukuta huu unapumua," alisema. "Unyevu ukiingia, hutoka. Ukiupaka saruji ni kama kumvisha mgonjwa wa homa koti la mvua." Na alikuwa sahihi kwa sababu tuliyoiona kwa macho: palipokuwa pamewahi kutiwa viraka vya saruji, plasta ilikuwa ngumu, safi, na nyuma yake jiwe linatoka chumvi na boriti imekwisha. Unyevu uliozuiwa kutoka kwa mbele ulitafuta njia nyingine.

Lakini chokaa ina masharti. Huko shamba walipanga magogo ya mnazi duara kubwa, juu yake wakaweka mawe ya matumbawe, wakatia moto ukawaka usiku kucha na mchana wake. Mawe yakishapoa humwagiwa maji, nayo hututumka, hupasuka, huwa unga wa moto wenye kuunguza. Chokaa iliyozimwa namna hiyo haitumiki siku ileile. Hutiwa shimoni na maji na kuachwa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Fungu moja la chokaa kwa mafungu matatu ya mchanga, mchanga usiwe wa pwani wenye chumvi. Ukishapiga plasta unaifunika magunia yaliyoloweshwa, unairudia kuilowesha asubuhi na jioni, maana jua letu likiikausha kwa haraka hupasuka nyufa nyembamba kama za sahani. Na niru ya juu kabisa, ile nyeupe ya kusuguliwa mpaka ing'ae, hakupewa kila mtu. Mimi niliipata mwisho.

Juu yetu walikuwa maseremala na wachongaji. Kazi yao siwezi kuieleza vizuri kwa kuwa si yangu, lakini niliwaona wakishusha kipande kimoja cha nakshi kilichobakia kizima, wakakinakili kwenye karatasi, wakachonga vyake vya kufanana ili kujaza mapengo ya roshani nzima. Vijana waliokuwa wakichonga makasha ya kuuzia watalii walijifunza pale kuchonga kitu cha kukaa juu ya bahari kwenye upepo na mvua. Baadhi ya wale ndio walioshika milango na madirisha ya mji huu kwa miaka iliyofuata.

Nimekaa sana kwenye habari ya chokaa kwa makusudi. Mwenye fedha angeweza kuleta kampuni kutoka nje, akamwaga zege, akapaka rangi, akafungua mlango baada ya mwaka mmoja, na magazeti yangemsifu vilevile. Huyu alikubali kazi ichukue miaka. Ilikwisha 1996, na mwaka uliofuata ilizinduliwa rasmi kuwa kituo cha utamaduni. Muda ule wote mshahara ulilipwa kwa mikono ya Kiunguja na ya Kipemba, na mwisho wa kazi kikosi cha mafundi kilibaki kisiwani na ujuzi wake. Jengo la Forodha ya zamani lililo jirani nalo lilitengenezwa kwa mtindo huohuo, na tangu 2002 humo ndani kuna chuo cha muziki. Ukipita jioni utasikia kanuni na udi, na mtoto wa mvuvi wa Malindi anaweza kuwa ndiye mpigaji. Mimi kwangu hiyo ni kazi ya mjenzi.

Wakati sisi tuko juu ya majukwaa, watu wengine walikuwa wakizunguka mitaani na makaratasi. Walikuwa wakiandika kila nyumba: ina ghorofa ngapi, paa la nini, nani anakaa, choo kiko wapi, mlango ni wa aina gani. Walifika kwa shangazi yangu Kiponda. Kijana mmoja akamwuliza kwa adabu zote maji anayapata wapi. Shangazi akamjibu, "Mwanangu, andika bomba lipo, maji hayapo. Uandike vyote viwili, wasije wakasoma kimoja." Kijana akaandika, nilimwona.

Makaratasi yale yaliishia kuwa mpango wa hifadhi wa mji, ulioongozwa na Mtaliano mmoja mbunifu majengo, Francesco Siravo, kwa ushirikiano wa taasisi ileile na Mamlaka yetu. Ulipitishwa 1994, mwaka uleule ilipotoka sheria mpya ya Mji Mkongwe. Majengo yaliwekwa madaraja, ya kwanza na ya pili. Hata baraza, milango na chemchemi za mitaani ziliorodheshwa. Kuanzia hapo mtu hakuweza kuvunja ukuta au kuongeza ghorofa bila kibali, angalau kwenye karatasi. Na bila mpango ule sidhani kama UNESCO ingetuandika kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mpango wenyewe ulizungumza pia juu ya wakaaji, lakini karatasi inaweza kukataza ghorofa ya nne, haiwezi kumzuia mwenye nyumba asipandishe kodi.

Nije kwenye hoteli, maana ndiyo iliyotupozea kahawa barazani. Huku taasisi ya utamaduni ikitengeneza Zahanati, mkono mwingine wa jumuiya hiyohiyo, ule wa biashara, ulichukua jengo la simu za nje pale Uwanja wa Kelele, Shangani, pamoja na nyumba ya pembeni yake walimokuwa wakiishi madaktari wa Kichina, ukafanya hoteli ya Serena. Ilifunguliwa 1997 ikiwa na vyumba 51. Wazee wengi hawakupenda. Walisema mkono mmoja unatoa sadaka, mwingine unachukua faida. Mimi sikuona dhambi. Aliyekuja na mikono miwili akaionyesha yote miwili ni afadhali kuliko anayejificha nyuma ya mmoja. Uwanja wa mbele ya hoteli ulipangwa upya, vijana wa kwetu walipata kazi za jikoni na mapokezi, na jengo lililochukuliwa lilikuwa la ofisi. Narudia: ofisi, na nyumba ya wageni wa Serikali. Halikuwa jumba lililogawanywa kwa mapazia.

Tatizo lilikuja na waliofuata. Walipoona hoteli ya nyota inaweza kusimama juu ya mawe ya matumbawe, wenye mitaji wakaanza kuzihesabu nyumba zetu. Serikali nayo kwa miaka ile ilikuwa ikiuza na kukodisha baadhi ya nyumba zake, na warithi waliokuwa nje wakaanza kukumbuka mirathi. Nyumba ya shangazi iliuzwa kwa mtu ambaye hatukumwona sura. Alikuja wakili na karatasi, kisha akaja msimamizi na bahasha za kifuta jasho. Familia zote mle zilipewa kiasi kisichotosha hata kilemba cha chumba cha duka. Shangazi alihamia mbali, ng'ambo ya Ng'ambo, kwenye kiwanja cha mchanga kisichokuwa na barabara. Alikuwa akikaanga maandazi alfajiri na kuyauza kwa wachukuzi wa bandarini. Kule hapakuwa na mchukuzi wala bandari. Alinunua samaki Malindi maisha yake yote, na sasa akapanda daladala mbili kumfuata samaki yuleyule. Hakulalamika kwa sauti. Alisema tu, "Nyumba ilikuwa ya watu," akaendelea kupepeta mchele.

Miaka michache baadaye nikaitwa kufanya kazi kwenye nyumba hiyo. Mkandarasi alisikia kuna mafundi waliofundishwa chokaa Zahanati, akatutafuta, maana Mamlaka ilikuwa ikidai chokaa itumike. Nilikwenda. Fundi ana watoto. Siku ya pili tulifahamu kwamba chokaa ilikuwa ya kuonyeshwa mkaguzi tu. Ukuta wa mbele tulipiga chokaa, kuta za uani zikapigwa saruji, kwa kuwa msimu wa wageni ulikuwa unakaribia na chokaa ilikuwa inakawia. Nilimwambia msimamizi unyevu utarudi. Akanijibu kwamba ukirudi atapaka rangi. Na ukarudi, na akapaka, na bado anapaka. Mabeseni ya kuogea yaliwekwa mpaka ghorofa ya juu, kila chumba na bafu lake, juu ya boriti zilizozoea ndoo ya maji ya kuoga mtu mmoja. Ninapolipita jengo lile huangalia mstari wa dirisha la ghorofa ya pili. Umeanza kuinama upande wa mashariki.

Tofauti kati ya wajenzi hawa wawili haikuwa fedha, wote walikuwa nazo. Haikuwa dini wala kabila, ingawa barazani ndipo mazungumzo hukimbilia. Wa kwanza alichukua gofu, akalifufua kwa mikono ya wenyeji, na akaacha ndani yake mahali ambapo mwenyeji anaweza kuingia. Wa pili alichukua nyumba iliyojaa watu, akaitoa watu, akaifunga mlango. Kwa mpiga picha za watalii zote mbili ni majengo yaliyotengenezwa.

Forodhani ilikuja baadaye sana, wakati mimi nimeshakuwa fundi wa kuitwa mzee. Bustani ile ilipangwa mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub, na kufikia miaka ya elfu mbili ilikuwa imechoka: ukuta wa bahari umeliwa, miti imekonda, uchafu umezagaa. Usiku ilipendeza kwa sababu ya karabai za wauza pweza na mishikaki, na kwa sababu giza lilificha mengine. Taasisi ile ya utamaduni ilipotangaza itaitengeneza, watu walipiga kelele kwamba bustani imeuzwa, tutalipishwa kiingilio, maskini hawataingia. Wauza vyakula walihamishwa kwa muda, na hakuna mwenye biashara ndogo anayeamini neno "kwa muda". Hofu yao ilikuwa halali. Wamelisikia mara nyingi.

Kazi ilichukua zaidi ya mwaka. Tarehe 30 Julai 2009 bustani ilifunguliwa, Rais Amani Karume na Aga Khan wakiwepo. Ukuta wa bahari ulikuwa mpya, taa zimewekwa, maji yana njia ya kutokea, watoto wana mahali pa kubembea. Wauza vyakula walirudi, safari hii kwa mpangilio. Kiingilio hakuna mpaka leo. Magharibi vijana wanaruka baharini kutoka juu ya ukuta vilevile kama tulivyoruka sisi. Karabai zimepotea na mimi nazikumbuka. Miwa na urojo havikupotea. Bei ndiyo imegawanyika: ya mgeni na ya mwenyeji, na mwenyeji asiyejua kusema bei anaweza kulipishwa ya mgeni. Hilo si la mjenzi, ni letu wenyewe.

Tangu hapo wageni wameongezeka kupita tulivyofikiri. Mwaka 2019 waliingia Zanzibar zaidi ya 500,000, na 2023 wakapita 600,000. Kila chumba Mji Mkongwe kimepata bei ya usiku mmoja. Mwenye nyumba anaona anachopata kwa wiki kwa mgeni ni zaidi ya anachopata kwa miezi kwa mwalimu wa skuli, na mimi siwezi kumlaumu mtu kwa kujua hesabu. Lakini mtaani kwetu Kiponda, madrasa niliyosoma ina watoto wachache, na muuza mkate wa asubuhi amepunguza njia yake. Nyumba zimepakwa rangi, taa zinawaka, na usiku hujui jirani yako wa leo atakuwa nani kesho.

Na kuna jambo linalonisumbua zaidi kama fundi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, wakati jengo likiwa kwenye matengenezo. Watu wawili walifariki. Jumba lile Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Lilikuwa limesimama miaka 137. Nilikwenda jioni ile nikasimama nyuma ya kamba ya polisi na mafundi wenzangu wa zamani. Hatukuzungumza sana. Tulitazama vumbi lililotapakaa barabarani, tukajua bila ya kuambiana ni vumbi la nini. Sitasema sababu ya kuanguka, si kazi yangu. Nasema tu kwamba majumba ya namna ile hayawezi kungoja.

Ninawaandikia zaidi wale wanaoketi mezani kutia saini mikataba ya kukodisha majengo ya Mji Mkongwe. Mwekezaji akija na michoro yake ya rangi, msiikunjue kwanza. Muulizeni nani watakaopiga chokaa, na wamefundishwa wapi. Kisha muulizeni waliomo ndani ya nyumba watalala wapi siku kazi ikianza, na watalala wapi siku ikiisha. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, na mkaguzi arudi baada ya mvua mbili, si siku ya uzinduzi. Atakayekataa masharti hayo apewe kahawa na aagwe vizuri. Atakuja mwingine, maana mawe haya yana soko. Nyinyi wa Mamlaka mnaofanya kazi kwa mfuko mdogo, watafuteni mafundi waliobaki na muwape vijana wa kufundisha mwaka huu huu. Mzee wetu wa Zahanati ameshafariki, na sisi tuliojifunza kwake, karibu wote tumevuka miaka hamsini.